Siku mbili za kujifunza kutafuta ushahidi wa tiba, intani nenda

Nimetoka kwenye mafunzo ya siku mbili hapa maktaba ya hospitali yetu, ya kutufundisha sisi intani, yani madaktari wapya tulio kwenye mazoezi, kutafuta ushahidi wa tiba, na kiukweli sijawahi kupata semina ya maana hivi. Wanafundisha wawili, mama mkutubi na daktari wa watoto, na hapo ndo utamu ulipo, mmoja anajua kutafuta mwingine anajua swali lipi lina maana wodini.

Wakatupa kesi: mtoto ana homa kali, mikono baridi, anahema juujuu ila presha haijaanguka, je unamkimbizia maji ya dripu, yani mengi kwa haraka? Wote tukasema ndio. Mi nikaandika kwenye PubMed, ile hifadhi ya mtandaoni ya makala za tiba, sentensi nzima kama navyoandika Google, zikaja makala kibao hazina mbele wala nyuma. Mama akafuta yote, akachora safu 4 kwenye karatasi, mgonjwa nani, unampa nini, unalinganisha na nini, unataka kujua nini, yani ile PICO tuliyoikariri chuo tukaiacha kwenye mtihani. Akasema mwanangu jaza hapa kwanza ndo uguse kompyuta. Maneno ya maana moja unganisha kwa OR, safu na safu kwa AND, hizo OR na AND ziwe herufi kubwa.

Ikatoka FEAST. Utafiti wa 2011, watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania, waliokimbiziwa maji walifariki kama asilimia 10.5 ndani ya saa 48, ambao hawakukimbiziwa 7.3. Chumba kizima kimya, kila mtu anawaza wa kwake aliyempa. Daktari hakutuachia hapo, akatufungulisha makala yenyewe tusome nani hawakuingizwa, tukakuta wa kuharisha hawamo, kwa hiyo usije ukamnyima maji mtoto aliyekaukiwa kwa kuhara ukasema umesoma utafiti. Mi hiyo nusu saa tu ingetosha.

Cochrane, hifadhi ya mapitio yanayojumlisha tafiti nyingi, walituonyesha haraka mno, na kompyuta zilikuwa chache watu wanne wanne kwenye moja, beba laptopu yako. Pia kuna Hinari ya WHO, inafungua majarida ya kulipia bure kwa taasisi za nchi zetu tangu 2002, ila nywila yake muombe mkutubi siku moja kabla, sisi tulipoteza saa nzima kuisubiri.