Mafundi bustani waliopogoa msaiprasi wetu, Isamilo, Mwanza

Nawapa nyota nne. Mti aliupanda marehemu baba, sasa umepita paa. Jirani alitaka tuukate kichwa; fundi akakataa katakata. Msaiprasi ukiukata hadi sehemu ya kahawia isiyo na majani, hauchipui tena, linabaki pengo. Akapunguza ncha za kijani tu, akapekua matawi kutafuta vidukari, wadudu wadogo wale wanaoacha uchafu unaonata na masizi meusi. Udongo uliofukia shina akauondoa. Na kiangazi, akatuambia, maana huku udongo juu ya mawe ni haba, maji tumwage taratibu chini ya ncha za matawi, si shinani. Elfu sabini, sawa tu. Nyota moja nimeibana: matakataka waliyaacha getini, hata mbuzi hawakuyagusa.