Mwezi ulitoweka, na hadithi ikaufuata

Kilichonifanya ninunue riwaya hii ni wazo lake: usiku mmoja mwezi unatoweka. Haukupasuka, haukupatwa, haupo tu.

Sura ya kwanza, nisiseme uongo, ni tamu. Fundi wa kituo cha kuchunguza anga anarusha mwali wa leza kuelekea vile vioo walivyoviacha mwezini wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969. Mwanga kwenda na kurudi huchukua kama sekunde 2.5. Anasubiri. Hakirudi kitu. Anarusha tena, anafuta lenzi, anagombana na kompyuta, wala hamjii wazo la kutoka nje akatazame juu. Nikajiambia, huyu mwandishi anajua kazi yake.

Kumbe utamu uliishia hapo. Ghafla fundi wetu anagundua kwamba aliyemlea si baba yake mzazi, wanaume wenye suti nyeusi wanamwinda, naye anampenda mmoja wao (eti!). Mwezi unabaki kutajwa kama mvua ya juzi. Mimi nilikuwa nangoja maswali ambayo yangemjia mtu yeyote. Ramadhani itaanza lini? Pasaka, ambayo tarehe yake hufuata mwezi mpevu, itahesabiwaje? Yale matumbawe yanayotaga siku chache baada ya mwezi mpevu yatautambuaje usiku wao? Haulizi mtu, hata mtoto.

Lililoniudhi zaidi ni bahari. Katikati ya kitabu wavuvi wamekaa ufukweni wakingoja bamvua, yale maji yanayojaa kuliko kawaida, iwanasulie boti iliyokwama mchangani. Bamvua ipi tena? Hiyo huja pale jua na mwezi vinapovuta maji kwa pamoja. Likibaki jua peke yake, maji yangejaa na kupwa bado, ila kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi, na karibu saa zilezile kila siku. Mfikirie mvuvi mzee anayeligundua hilo taratibu, huku hesabu zote alizofundishwa na babake zikimkataa! Riwaya nzima ingekaa humo. Mhariri naye sijui alikuwa wapi.

Lugha ni nyepesi, chapa ni safi. Mwishoni mwezi unarudi wenyewe, bila sababu, kisha linafuata tangazo la kitabu cha pili.

Nimeipa nyota mbili. Mpenzi wa hadithi za kukimbizana ataimaliza bila kuchoka. Kama umevutwa na mwezi, sura ya kwanza hutolewa bure kama kionjo, ishia hapo.