Siku Moja Mikindani, Mji Uliopitwa na Meli

Mkazi wa Mtwara mjini huipita Mikindani kila aendapo Lindi, akaitazama dirishani mwa basi na asiteremke. Nami nilikuwa hivyo kwa miaka, mpaka Jumamosi iliyopita nilipopanda daladala, mwendo wa kilomita kama 10, nikashuka kwa makusudi ya kuutembea mji huo kwa miguu.

Kinachostahili safari hiyo ni nyumba. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, baadhi zikiwa za ghorofa, zenye roshani za mbao na milango ya nakshi, na nyingine zimekwisha kupoteza mapaa hata miti imeota vyumbani. Nilimaliza saa nzima katika vichochoro viwili tu, kwa kuwa wazee wa barazani hawakukubali nipite bila salamu kamili, wala hakuna aliyejaribu kuniuzia kitu. Ukimya huo una asili yake: ghuba ina kina kifupi, hivyo mradi wa karanga wa Waingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili, ulipohitaji bandari ya meli kubwa, ilijengwa Mtwara na biashara ikahamia huko. Kwa sababu ya kina hicho kifupi nashauri uende maji yakiwa yamejaa.

Boma la Wajerumani la mwaka 1895, lililokarabatiwa na shirika la hisani la Kiingereza, Trade Aid, liko kilimani, na mandhari ya ghuba kutoka huko yanalipa jasho la kupanda.

Huduma ya kuongozwa ndiyo iliyonikera. Kijana aliyenitembeza alitaja bei baada ya matembezi (nusu ya kosa ni langu, sikuuliza), na habari zake zilikuwa za David Livingstone tu, aliyefika hapa mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara. Mbele ya jengo waliitalo soko la watumwa hatukusimama hata dakika mbili, ilhali nilitamani kusikia habari za waliofikishwa pwani kwa miguu kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Bibi mmoja jirani, huku akipaa samaki, alinieleza mengi kuliko yeye, wala hakutaka malipo.

Chakula nilikula kwa mama lishe karibu na kituo: wali wa nazi na changu wa kuchoma, wa moto na wa bei ya kawaida. Ila wahi, kwani ilipofika saa nane samaki walikuwa wamekwisha, na aliyenifuata aliambulia maharage.