Manitoli au glibenklamaidi: ubongo ukivimba baada ya kiharusi

Shemeji yangu wa Area C, Dodoma, humeza glibenklamaidi kila asubuhi kwa ajili ya kisukari. Alicheka nilipomwambia kuwa dawa yake iliwahi kupewa panya wenye kiharusi.

Wodini, dawa ya uvimbe huo inayojulikana ni manitoli, kwa dripu. Huvuta maji kutoka kwenye ubongo kama chumvi inavyovuta maji ya nyama, kisha figo huyatoa kwa mkojo. Hufanya kazi haraka. Shida ni kwamba inategemea kuta za mishipa zilizo nzima. Palipoharibika, hupenya na kuweza kuvuta maji kule kule tusikoyataka.

Glibenklamaidi haikamui kitu, inafunga koki. Baada ya kiharusi, seli hufungua milango iitwayo SUR1-TRPM4: sodiamu huingia, maji hufuata. Mwaka 2006 mtafiti Simard na wenzake waliwapa panya dozi ndogo mfululizo; uvimbe ulipungua, vifo vikashuka kwa nusu.

Kwa panya, mimi nachagua koki. Kwa binadamu nasita: jaribio la CHARM, lililochapishwa 2024 na kutumia glibenklamaidi kwa njia ya mshipa, halikuonyesha kuwa wagonjwa walipona vizuri zaidi.