Mbuzi wa Pontiac na mbuzi wa kwenye gunia: ukitaka V8 ya zamani ya Marekani, nenda na ndoo ya maji

Mama alipokuja kunitembelea kutoka Tanga, nilitaka aone kuwa mwanawe amefika. Nikampakia kwenye Ford Mustang yangu ya mwaka 1966, nyekundu, kromu inameremeta, niliyoinunua wiki chache kabla kwa dola 19,500 za kudunduliza. Tulikuwa tunakwenda harusini hapahapa Columbus. Mvua ikaanza. Tulipofika kwenye taa za pili mama akanyanyua mguu wa kulia, akautazama unavyochuruzika, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, gari lako linanitia udhu?"

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka chini ya dashibodi juu ya viatu vyake vya harusi. Milango ilikuwa mizima, kioo kizima, paa zima. Aliyeniuzia alikuwa ameniapia kwamba gari halijawahi kuona theluji, na ili nimwamini akanionyesha herufi R kwenye namba ya kiwandani ya gari, kuwa limetoka San Jose, California. Ni kweli, R ni kiwanda cha San Jose. Lakini herufi ile inasema gari lilizaliwa wapi, haisemi lilikulia wapi. Langu lilikulia huku Ohio, ambako barabara hutiwa chumvi kila majira ya baridi, na wauzaji nao hawajambo kwa kutia chumvi.

Tangu hapo kila ndugu anayetaka haya magari ya miaka ya 60, yale Wamarekani wanayoyaita magari ya misuli, hunipigia simu mimi. Wote wana maswali yaleyale: nguvu za farasi ngapi, rangi ni ya kiwandani, limetembea maili ngapi? Hayo muulizeni mwingine. Maili hasa ni hadithi tupu, maana kihesabio cha enzi zile kina tarakimu tano, kikipita 99,999 kinaanza upya kama mtoto mchanga. Swali langu ni moja: mvua inayoingia kwenye matundu ya hewa chini ya kioo cha mbele hutoka nje kupitia wapi?

Chini ya matundu yale, mbele ya wipa, kuna sanduku la bati lililofichika. Limetengenezwa kwa mabati mawili yaliyobanwa kwa welding za nukta nukta, na kwenye Mustang za miaka ile bati la ndani halikupata rangi ya maana. Ndani ya sanduku kuna vishingo viwili vya bati, kama mdomo wa kopo, vinavyozunguka matundu ya kupitisha hewa kuelekea miguuni mwa abiria na dereva. Mvua inatakiwa ipite pembeni ya vishingo, iteremke nyuma ya madigadi ya mbele na kumwagika chini. Sasa gari likilala chini ya mti miaka ishirini, majani hujaa humo, yanaoza, yanashika unyevu, kutu inakula vishingo hadi vinakatika. Kuanzia hapo kila mvua inapita moja kwa moja hadi kwenye zulia, na zulia likishaloa, sakafu nayo inaanza kuoza kutoka juu.

Ubaya wake ni kwamba huwezi kuliona kwa macho. Gari linapakwa rangi, linawekwa viti vipya na zulia jipya, na sanduku linabaki vilevile. Kulitengeneza ni kung'oa madigadi na wipa, kutoboa zile nukta moja moja, kufungua, kuchomelea bati jipya, kufunga upya, kupaka rangi upya. Fundi bodi alipomaliza kunieleza nilikaa chini. Yangu ilikuwa na vishingo vya plastiki vilivyogandishwa kwa gundi juu ya kutu. Maana yake aliyeniuzia, au aliyemuuzia yeye, alijua.

Basi nenda na ndoo na mtu mmoja. Omba zulia la mbele likunjwe. Mwenzako alale kifudifudi sakafuni, kichwa chini ya dashibodi, na tochi mkononi. Wewe mimina maji taratibu kwenye yale matundu, upande wa kulia, ngoja, kisha kushoto. Yanatakiwa yatoke yote chini, nyuma ya magurudumu ya mbele, na yawe meupe. Yakitoka ya rangi ya chai, endelea kuuliza maswali. Tone moja likimwangukia mwenzako usoni, funga pochi. Muuzaji akikukatalia maji, ameshakujibu. Nimemwaga maji kwenye gari za kila kampuni, kwa sababu Ford haikuwa peke yake katika dhambi hii.

Sasa niwapangie, na upendeleo wangu siufichi. Ya kwanza ni Pontiac GTO ya 1966 au 1967. Wamarekani wenyewe huiita "mbuzi", na ndiye mbuzi pekee niliyemwona akiuzwa nje ya gunia. Kisa chake ni kitamu. General Motors, wenye Pontiac, ilikuwa na sheria ya ndani kuzuia injini kubwa kwenye magari yake ya ukubwa wa kati, ndipo John DeLorean na wenzake wa Pontiac wakapita mlango wa nyuma: mwaka 1964 wakaichomeka V8 ya inchi za ujazo 389 kwenye Tempest, gari lao la ukubwa wa kati, na kuiandika kama nyongeza ya hiari ya chini ya dola 300. Mwaka huo ziliuzwa 32,450. Kufikia 1966 ziliuzwa 96,946, na mwaka huohuo GTO ikawa gari linalojitegemea, namba yake ikaanza na 242.

Hiyo 242 ndiyo sababu ya kuwaambia 1966 na siyo 1964. Za miaka miwili ya kwanza namba yake haitofautiani na LeMans, Pontiac ya kawaida, na injini za V8 za Pontiac kwa nje zinafanana kama mapacha, kuanzia ya 326 hadi ya 455. Mjanja akibandika nembo tatu, LeMans ya mwalimu mstaafu imeshageuka GTO. Ukiipenda ya 1964 au 1965, usitoe hata senti kabla hujapata nakala ya ankara ya kiwandani. Kumbukumbu za Pontiac zimehifadhiwa, zipo Pontiac Historic Services, unatuma namba unaletewa karatasi inayosema gari lilitoka na nini. Chevrolet ya Marekani haina kitu cha namna hiyo. Halafu GTO ina chesisi yake kamili, bodi imekalia juu, tofauti na Mustang ambayo bodi ndiyo chesisi. Kutu ya bodi inakutia hasara, ila haikati gari katikati. Kasoro yake iko nyuma: angalia pembe za chini za kioo cha nyuma na sakafu ya buti, hasa kama paa lilivalishwa kitambaa cha vinili, maana kinalala na maji kama godoro.

Ya pili ni Plymouth Road Runner ya 1968 au 1969. Iliuzwa mpya kwa dola 2,896, chuma tupu na injini ya 383, na Plymouth ikawalipa Warner Bros. dola 50,000 ili itumie jina la ndege wao wa katuni. Mpaka honi yake inalia kama yule ndege. Namba inaanza na RM, kwa hiyo kughushi ni kazi, na herufi ya tano ikiwa H ni 383. Inashika nafasi ya pili kwa sababu ya kile chuma kinachopita chini ya viti vya mbele kushikilia springi za kujinyonga za mbele. Kikioza kile, hakuna rangi itakayokuokoa. Lala chini ukigonge kwa nyundo ndogo.

Chevrolet Chevelle SS ni ya tatu, tena ya 1966 hadi 1968 tu, zinazoanza na 138. Kuanzia 1969 SS ikawa nyongeza ya hiari tu, namba haikwambii kitu, na SS za siku hizi nina hakika ni nyingi kuliko zilizotoka kiwandani. Mustang naiweka ya nne kwa kinyongo. Spea zake zimejaa kila mahali, kwa kuwa za mwaka 1966 peke yake zilitengenezwa 607,568, na kama umezaliwa na bahati utapata yenye sanduku kavu. Camaro sina hamu nayo.

Mwenye bajeti ndogo atazame Dodge Dart au Tempest ya milango minne. Ni magari mazuri. Mimina maji vilevile.

Bei sasa. Haya yalikuwa magari ya vijana wa viwandani. Bima ikawabana, petroli ikapanda mwaka 1973, yakatupwa nyuma ya mabanda na hakuna aliyeyataka. Leo kila Januari minada ya Scottsdale na Kissimmee ikirushwa kwenye televisheni, Februari wazee wa Ohio wanapandisha bei. Mwaka 2014 Hemi 'Cuda ya wazi ya 1971, yaani Plymouth Barracuda yenye injini ya Hemi, iliuzwa mnadani Seattle kwa dola milioni 3.5, na tangu hapo mwenye Barracuda ya silinda sita anaongea kama mrithi. Kutu nayo imepewa cheo, inaitwa patina na ina bei yake. "Liliwaka mara ya mwisho lilipoegeshwa," watakwambia. Titanic nayo ilielea mara ya mwisho ilipoondoka bandarini. Ukienda mnadani kumbuka juu ya bei ya nyundo, yaani dau la mwisho, unaongezewa ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia kumi au zaidi, na hakuna dalali atakayekuruhusu uingie na ndoo.

Mwezi uliopita nilikwenda Indiana kuangalia GTO ya 1967. Mzee mwenye gari aliponiona nashusha ndoo akadhani nataka kuliosha. Nikamweleza. Akaenda mwenyewe kulala sakafuni na tochi, na umri ule, akapiga kelele, "Mimina!" Nilimwaga ndoo mbili. Akatoka mkavu, anacheka, nikatoa pochi. Akajifuta magoti, akasema kama ni kavu hivyo basi bei imeongezeka dola elfu tatu.