Uzoefu wangu: orodha ya mvinyo kwenye mkahawa wa steki Nairobi, ilipo imara na ilipopwaya

Orodha ina kurasa 14 na mivinyo ipatayo 160, ndani ya jalada zito la ngozi. Unene huo pekee si sifa. Bern's Steak House ya Tampa, Florida, inasifika kwa kuwa na zaidi ya nusu milioni ya chupa, lakini kule nyuma ya kila mstari wa orodha kuna chupa iliyolazwa ghalani. Mkahawa wa kawaida ukijaza kurasa bila ghala la kuzibeba, kinachofuata ni "samahani, huo umeisha" mara tatu mfululizo. Mimi huuliza jambo moja tu: aliyeipanga orodha hii alikuwa na nyama ya jiko hili kichwani? Hapa, kurasa za Afrika Kusini zinaonyesha kwamba alikuwa nayo. Za Ufaransa na Italia hazionyeshi.

Nyama ndiyo inayoamua. Jikoni kuna ng'ombe wa Boran waliolishwa majani, na upande mwingine nyama ya kuagizwa yenye mafuta mengi yaliyotawanyika ndani ya mnofu. Hizi ni nyama mbili tofauti kabisa kwa mtu anayechagua mvinyo. Tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi na fizi, hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu na pia kwenye pipa la mwaloni. Hushikana na protini. Mdomo ukiwa na nyama na mafuta, tanini hupata cha kushika na mvinyo huhisiwa laini. Chumvi nayo hupunguza uchungu. Ndiyo maana ribeye, kipande cha mbavuni chenye mafuta, hubeba Cabernet Sauvignon kali, zabibu nyekundu yenye tanini nyingi, bila shida, ilhali sarara, ambayo haina mafuta ya kutosha, hufunikwa na mvinyo huo huo. Boran wa majani huangukia karibu na sarara kuliko watu wanavyodhani.

Halafu kuna suala la kuiva, na hapa orodha nyingi za Nairobi hukosea kwa sababu zimenakiliwa kutoka kwingine. Wateja wengi wetu huagiza nyama iliyoiva kabisa. Nyama hiyo imeshapoteza maji na sehemu ya mafuta, kwa hiyo Cabernet changa huongeza ukavu juu ya ukavu. Anayekula hivyo anahitaji mvinyo ambao tanini zake zimeshalainika kwa umri: Rioja Reserva ya Hispania, ambayo kisheria hukaa angalau miaka 3 kabla ya kuuzwa na angalau 1 kati ya hiyo ndani ya pipa, au Gran Reserva yenye miaka 5, angalau 2 ikiwa pipani. Orodha hii ina Rioja mbili tu, zote Crianza, daraja lililo chini ya Reserva kwa umri. Ni pengo kubwa, na kuliziba hakugharimu sana.

Kurasa za Afrika Kusini nazisifu bila kusita. Zimepangwa kwa wilaya, si kwa bei: Stellenbosch, Paarl, Swartland, Franschhoek. Kila chupa ina mzalishaji, aina ya zabibu na mwaka wa mavuno. Kuna Meerlust Rubicon na Kanonkop Paul Sauer, zote michanganyiko ya zabibu kwa mtindo wa Bordeaux, Ufaransa, inayoongozwa na Cabernet Sauvignon, na kilichonifurahisha zaidi ni kwamba kila moja ipo kwa miaka miwili tofauti, mmoja mchanga na mmoja uliokomaa. Hiyo ina maana kuna mtu aliyenunua mapema na kuhifadhi. Pinotage zipo tatu. Zabibu hii ilizalishwa Stellenbosch mwaka 1925 na Abraham Perold kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut, na harufu yake ya moshi kidogo huendana vizuri na nyama ya jiko la makaa. Tatu zinatosha, maana zinatofautiana kweli: moja nyepesi, moja ya mapipa mapya, moja ya mizabibu mizee.

Ukigeuza ukurasa hadi Bordeaux, umakini unatoweka. Mstari mmoja unasema "Bordeaux, Grand Vin" na bei. Maneno hayo hayakuambii chochote. Ukingo wa kushoto wa mto, yaani Pauillac, Margaux, Saint-Julien, hutegemea zaidi Cabernet kwenye udongo wa changarawe; ukingo wa kulia, Saint-Émilion na Pomerol, hutegemea zaidi Merlot na huwa laini zaidi. Bila kuandika kijiji, mteja wa ribeye na mteja wa sarara wanabahatisha. Mwaka nao haupo kwenye chupa nne kati ya tisa. Bordeaux ya 2013 ilitoka kwenye msimu wa baridi na mvua. Ya 2016 inahesabiwa kati ya miaka bora ya karne hii. Shamba ni lile lile, mvinyo si ule ule, na bei haipaswi kuwa moja.

Barolo ya Italia vilevile imeandikwa bila mwaka. Sheria huitaka ikae miezi 38, 18 ikiwa kwenye mbao, lakini hata baada ya hapo Nebbiolo, zabibu inayoitengeneza, ikiwa changa inaweza kukausha mdomo vibaya. Bila mwaka siwezi kujua kama iko tayari kunywewa, kwa hiyo siinunui. Kwa Malbec za Mendoza, Argentina, tatizo ni la namna nyingine: zipo saba, na tano kati yake zinafanana kwa ladha na bei. Mbili zingetosha, na nafasi ingebaki kwa Syrah ya Rhône ya kaskazini, Ufaransa, ambayo haipo kabisa.

Kuhusu bei, huwa nachukua chupa tatu zinazouzwa pia madukani Nairobi, moja ya chini, moja ya kati, moja ya juu, kisha nagawanya bei ya mkahawa kwa bei ya duka. Mara 2 hadi 2.5 naikubali, kwa sababu kuna glasi, uhifadhi na mhudumu. Ikipita 3, nahama chupa. Hapa ya chini ilikuwa karibu mara 3, ya kati 2.2, ya juu 1.8. Mpangilio huo ni mzuri kwa anayeujua: chupa ya bei ya chini kabisa ndiyo yenye faida kubwa kwao na thamani ndogo kwako. Kuna sababu nyingine pia. Ushuru wa bidhaa Kenya kwenye mvinyo haufuati bei ya chupa, kwa hiyo chupa rahisi hubeba mzigo uleule na kinachobaki kulipia zabibu zenyewe ni kidogo. Anzia theluthi ya kati ya ukurasa.

Mivinyo ya glasi ni 12, na kipimo cha mililita 150 kimeandikwa wazi, jambo ambalo mikahawa mingi hukwepa. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi 5. Glasi ikiwa robo ya bei ya chupa, hesabu ni ya kawaida. Hapa mvinyo tatu za juu zimefika theluthi moja, kwa hiyo glasi tatu zimeshalipia chupa nzima. Watu wawili wanaokusudia glasi mbili mbili waagize chupa. Hizo tatu humiminwa kwa kifaa cha sindano kinachopenya kizibo na kujaza nafasi kwa gesi ya argoni, hivyo hubaki safi kwa wiki. Zingine hufunguliwa kawaida, na mvinyo mwekundu uliofunguliwa hudumu siku 2 au 3. Uliza chupa ilifunguliwa lini. Ukiona ukingo wa kahawia kwenye mvinyo ambao bado ni mchanga, au ukisikia harufu ya siki au ya tofaa lililobonyea, rudisha glasi.

Joto ndilo kasoro iliyoniudhi kuliko zote. Chupa nyekundu zimepangwa kwenye rafu nzuri ukutani, juu ya meza na karibu na jiko. Mvinyo ulifika mezani ukiwa na nyuzi 23 au 24, wakati unapaswa kuwa 16 hadi 18. Kwa joto hilo kileo cha asilimia 14.5 hupanda puani na tunda hupotea. Ukiongeza sosi ya pilipili manga, koo linawaka. Dawa ni ndoo yenye barafu na maji pamoja, maana barafu tupu hugusa chupa sehemu chache tu, kwa dakika 10 hivi. Mhudumu alikubali mara moja, lakini mteja hapaswi kuomba.

Huduma nyingine ni ya kiwango. Chupa huonyeshwa kabla ya kufunguliwa, na hapo ndipo pa kusoma jina na mwaka kwa makini: orodha ilisema 2018, chupa ikaja 2021. Ilibadilishwa kwa heshima. Cabernet changa humiminwa kwenye jagi la kioo kwa muda wa saa moja. Uliokomaa humiminwa taratibu kuacha mashapo chini, bila kusubiri. Tone la kuonja si la kuuliza kama umeupenda. Ni la kutafuta kasoro, hasa harufu ya katoni iliyolowa inayotokana na kizibo kilichochafuka, ambayo huzidi kadiri mvinyo unavyopata hewa. Ukiipata, rudisha chupa bila aibu.

Nikiagiza hapa: ribeye ya kuagizwa na Paul Sauer uliokomaa, Boran na Pinotage ya mizabibu mizee, sarara na Pinot Noir ya Hemel-en-Aarde, Afrika Kusini; ipo moja na bei yake ni ya haki. Nyama iliyoiva kabisa, Merlot ya Stellenbosch. Kwa Bordeaux au Barolo ningebeba chupa yangu na kulipa ada ya kizibo, yaani malipo ya kufunguliwa chupa uliyokuja nayo, ambayo hapa ni chini ya nusu ya bei ya chupa rahisi zaidi ya ukurasa ule. Piga simu mapema, kwa sababu hawapokei chupa ambayo tayari wanaiuza.