Tathmini ya huduma: kutolewa temostati kwenye gereji za Dar

Ukipeleka gari linalochemsha kwenye gereji za mtaani, iwe Ilala, Tandale au Mwenge, kuna huduma moja utauziwa haraka kuliko zote: kutoa temostati, kile kidude kinachofungua na kufunga njia ya maji kati ya injini na rejeta. Maji ya rejeta yanamwagwa, boliti mbili tatu zinafunguliwa pale paipu inapoingia kwenye injini, kidude kinatolewa, mfuniko unarudishwa. Ukiuliza unajibiwa, "Bosi, hiki ni cha nchi za baridi." Gari linaondoka sindano ya joto ikiwa chini. Kwa kuangalia matokeo tu, kazi imefanyika.

Ila jibu lile si kweli, na mafundi wengi wanaolitoa wanajua. Temostati ya Toyota nyingi ndogo huanza kufunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi. Namba mara nyingi imechongwa kwenye chuma chenyewe. Joto la Dar, hata Februari, halifiki nusu ya hapo. Kazi ya kidude hiki ni kuifikisha injini kwenye joto lake upesi na kuibakiza hapo. Kikiondolewa, kwenye foleni ya Ubungo huenda usione tofauti. Barabara ya Bagamoyo ikiwa nyeupe, joto linashuka, kompyuta inadhani injini bado ni ya baridi, inaongeza petroli. Taa ya injini inaweza kuwaka na msimbo P0128, yaani injini haifiki joto lake, na gia za otomatiki nyingi huchelewa kuingia gia ya juu. Kuna injini ambazo temostati yake ina kisahani cha pili cha kuziba njia ya mkato. Hizo ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu bila kisahani hicho sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Gari linaweza kuchemsha kuliko mwanzo.

Sasa kwa nini huduma hii haifi? Fundi ameshabadilisha kofia ya rejeta, ameshamuuzia mteja wota pampu, gari bado linachemsha, na vijana wake wamesimama wanamtazama. Kusema "sijajua, niachie nipime" ni kuzito kuliko kufungua boliti mbili, basi anaokoa jina lake. Mwenye gari naye ana lake. Hataki aonekane mshamba wa magari, anatupa neno, "Fanya ufanyavyo, mimi nataka gari litembee," na hapo ameshatia saini. Wanaagana kwa furaha, ugonjwa umebaki ndani.

Na ugonjwa unapimika. Injini ikiwa ya moto, paipu ya juu ikiwa moto sana na ya chini baridi, ama temostati haifunguki ama rejeta imeziba; kwa Dar, maji ya kisima yenye chumvi ni mchawi wa kwanza wa kushuku. Itoe temostati, itumbukize kwenye sufuria ya maji, washa jiko: ikifunguka kabla maji hayajatokota, haina kosa. Angalia kama feni inawaka. Mapovu yakitoka mfululizo mdomoni mwa rejeta, au oili ikigeuka chai ya maziwa, shuku gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, na hapo kutoa temostati ni kusubiri hedi ipinde.

Kuna siku huduma hii ni halali kabisa. Temostati imekwama ikiwa imefunga, uko Chalinze usiku, maduka ya spea yamefungwa: itolewe ufike nyumbani. Fundi anayekwambia alichokitoa, akakukabidhi mkononi na kukutaka ununue mpya kesho, nyota nne. Yule anayekitupa kimyakimya kwenye ndoo ya vyuma chakavu, na akiulizwa anapandisha sauti kwamba alianza ufundi hujazaliwa, apewe moja, tena hiyo ni ya kukaza boliti vizuri.

Ukirudisha mpya, dai na ringi mpya ya mpira. Kama ina kitundu chenye kipini, kikae juu ili hewa ipate pa kutokea. Jaza kulanti, kile kimiminika maalumu cha kupozea injini, si maji ya kisima, taratibu. Kofia inafunguliwa injini ikiwa imepoa tu. Washa injini hivyo hivyo kofia ikiwa wazi mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, ukiongeza kila kimiminika kinaposhuka. Fundi akikwambia hatua hiyo haina maana, bado ana hewa ndani ya mfumo.